Anza na Thor aliyevaa shela
Dada, kama mwanao wa miaka 9 anataka vituko vya Thor na Loki, wale miungu wa hadithi za kale za Skandinavia, Ragnarok (vita vyao vya mwisho) iache kwanza, humo wanakufa karibu wote. Msimulie kisa cha nyundo. Jitu Thrym liliiba nyundo ya Thor, likaifukia ardhini, likasema halirudishi mpaka lipewe Freyja, mungu wa kike wa mapenzi, awe mke. Basi Thor mwenyewe akavishwa shela ajifanye Freyja! Karamuni bibi harusi akafyeka ng'ombe mzima na samaki 8. Loki, aliyejifanya mpambe, akamtetea: eti hajala siku nane kwa hamu ya kuolewa. Wangu alicheka hadi akaanguka kitandani. Kile cha Loki kumzaa farasi wa miguu minane nilikiruka, maswali yake siyawezi.