Kazi inapopanda nawe kitandani

Bi, shikamoo. Mimi ni wakala wa forodha, naishi Changamwe, Mombasa. Kutwa niko mbio baina ya ofisi na bandari ya Kilindini. Nafika nyumbani hoi, nalala kama pono, lakini ikifika saa nane za usiku, macho kodo! Ile hati niliiwasilisha? Kontena la mteja litatoka kesho, au litaanza kulipiwa ada ya kukaa bandarini? Mpaka adhana ya Alfajiri. Kwa uchovu wote huu, mbona usingizi haukai?

Marahaba, mwanangu. Kuchoka ni jambo moja na kutulia ni jingine. Saa za mwanzo unalala fofofo kwa sababu mwili unadai haki yake, na usingizi mzito zaidi huja mapema usiku. Ukishalipwa huo, unaobaki ni mwepesi. Kila mtu huzinduka kidogo mara kadhaa, akageukia upande wa pili, asubuhi asikumbuke. Wewe ukizinduka unalikuta kontena linakungoja.

Na mwili haujui kwamba kontena hilo ni la mawazoni tu. Moyo huanza kwenda mbio na misuli hukaza, kama vile mteja amesimama mbele yako anafoka. Tena ni saa ambazo kortisoli, homoni inayotuandaa kuamka, imeshaanza kupanda yenyewe. Watafiti Brosschot, Gerin na Thayer waliliandikia jambo hili mwaka 2006: shida yenyewe hupita, lakini mtu akiirudiarudia kichwani, mwili hubaki katika tahadhari muda mrefu kuliko shida ilivyodumu. Kwa hiyo usijilaumu kwamba u dhaifu. Umefanya kazi zamu mbili, ya pili ukiwa umelala chali.

Nimefanya uuguzi miaka mingi. Nikitoka zamu na kufika kwangu Tudor, nafumba macho nasikia kengele ya mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Kilichonisaidia ni daftari dogo la kurasa za mistari. Kabla sijavua sare, naandika yaliyobaki na nani nitamkabidhi, kisha daftari linabaki mfukoni mwa sare, sare nyuma ya mlango. Baadaye sana nikasoma utafiti wa Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Watu 57 walilala maabara. Kabla ya kulala, kundi moja liliandika kwa dakika 5 mambo yanayowangoja siku zijazo, na kundi la pili likaandika yale waliyokwisha kuyafanya. Walioandika yanayowangoja walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika 9 hivi. Na aliyeandika kwa undani alilala upesi kuliko aliyegusagusa.

Undani ndio siri, mwanangu. Usiandike “kontena”. Andika: “Saa mbili asubuhi, nimpigie karani wa kampuni ya meli, nimuulize hati ya kutolea mzigo imetoka au bado.” Usiku likikujia, utajua kwamba limeshapangiwa saa yake. Wewe wasumbuliwa katikati ya usiku, ilhali wale wa utafiti walipimwa mwanzoni wa usiku, lakini mimi ningekuanzishia hapo hapo.

Dada, nafanya kazi hoteli moja Bamburi, mapokezi. Meneja ana kikundi cha WhatsApp, anaandika hata saa tano usiku. Mara nyingi hanitaji mimi, lakini siwezi kulala bila kuangalia.

Huo ujumbe usiokuhusu ndio mbaya, kwa sababu unakuweka mlangoni usiku kucha. Kungoja tu kuitwa ni kazi. Sabine Sonnentag, mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojitenga na kazi baada ya saa za kazi, ameonyesha jambo la kusikitisha: wenye kazi nzito ndio wanaohitaji zaidi kujitenga nayo, na ndio wanaoshindwa zaidi.

Wafaransa wameliingiza hili katika sheria. Tangu Januari 1, 2017, makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi hutakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshika simu za kazi nje ya saa za kazi. Wewe mwendee meneja mchana, kwa adabu, umwambie: la dharura nipigie simu, mengine nitayasoma nikifika. Wengi hukubali, maana hawakuwahi kuulizwa. Kisha zima mlio wa kikundi, simu ilale sebuleni.

Kahawa ya barazani baada ya Isha inaharibu usingizi kweli, au ni maneno?

Ni kweli. Nusu ya kafeini huchukua kama saa 5 kutoka mwilini, kwa wengine zaidi. Lakini baraza usiliache! Soga na wenzako ndizo zinazokutoa kazini. Kunywa tangawizi.

Bi, mume wangu anaendesha tuktuk ya mkopo hapa Kisauni. Hapati hata lepe la usingizi, anagaragara tu. Nimpe vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi?

Usimpe, bibi. Usingizi wa vidonge hivyo unaweza kumfuata mpaka asubuhi, naye amebeba abiria.

Akikaa kama dakika 20 macho, aondoke kitandani, akae penye mwanga hafifu, arudi akisinzia. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alilieleza hilo mwaka 1972: kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuwazia. Na aamke saa ile ile kila siku, hata kama amelala mang’amung’amu.

Ila deni ni deni, halitibiwi kwa kulala. Kaeni mchana, kalamu mkononi, mpige hesabu, kisha aende kwa mkopeshaji kabla hajaitwa. Ikiwa anakosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki na hali imefika miezi 3, nendeni hospitali. Ombeni ushauri nasaha wa usingizi, ule wa kubadili fikra na mazoea. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kilisema uanze huo kabla ya dawa. Akikoroma na kukatika pumzi usingizini, mwelezeni daktari. Akitamka kwamba afadhali afe, msingoje miezi: mpeleke siku hiyo hiyo.

Nawe usimuulize kila asubuhi, “Umelala?” Anaanza kuliogopa swali hilo tangu magharibi. Mwekee chai, muulize habari nyingine.