Jibu: Data ninazo, lakini naogopa kuanza kuandika tasnifu

Ndugu, umesema kila ukifungua faili la tasnifu unaishia kulifunga. Usianze na utangulizi. Hapo ndipo wengi hukwama, maana utangulizi unaahidi mambo ambayo mwandishi mwenyewe bado hajayajua. Anza na sura ya mbinu za utafiti: ulimhoji nani, wangapi, wapi, kwa maswali gani. Hayo unayajua bila kufungua kitabu.

Leo tega saa dakika 25, simu ikae chumba kingine, uandike tu. Usifute, usirudi kusahihisha tahajia. Penye pengo la rejea weka XX uendelee; ukienda kutafuta mwaka wa kitabu, utashtukia saa nzima imeishia mtandaoni. Saa ikilia, acha katikati ya sentensi, hata kama umeshanogewa. Kesho hutakutana na ukurasa mtupu, utakuwa na sentensi ya kumalizia.

Msimamizi naye mpelekee kurasa 3 mbovu mapema. Wanaosubiri hadi sura ipendeze hupotea miezi, kisha wanaona aibu hata kupokea simu yake. Mwulize jambo moja tu: mpangilio uko sawa? Lugha mtairekebisha baadaye.