Chai ya Boston na vitabu vinavyopingana

SWALI: Wahariri, salaam. Kitabu kimoja kinasema Wamarekani walipigania uhuru kwa sababu ya kodi, kingine kinasema matajiri walikuwa wakilinda biashara zao, na cha tatu kinataja utumwa. Nishike kipi?
Mwanafunzi wa historia, Dodoma

JIBU: Vipime vyote kwa tukio moja. Chukua usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, wakoloni waliopinga ushuru wa Uingereza walipomwaga masanduku 342 ya chai bandarini Boston, koloni la Massachusetts.

Wengi hukosea hapo hapo, wakidhani chai ilikuwa imepanda bei. Sheria ya Chai ya mwaka ule iliishusha: Kampuni ya India Mashariki iliruhusiwa kuipeleka moja kwa moja kwa mawakala wake wa Marekani. Kilichobaki ni ushuru wa zamani, peni 3 kwa ratili.

George Bancroft, mwanahistoria wa karne ya 19, aliona hapo watu wanaotetea haki. Mwenzake Arthur Schlesinger (1918) aliangalia maduka na maghala: chai rahisi ingewafilisi wauza chai ya magendo ya Kiholanzi pamoja na waagizaji walionyimwa uwakala, na miongoni mwa mawakala walikuwemo wana wawili wa Hutchinson, gavana wa Massachusetts. Bernard Bailyn (1967) alisoma vijitabu vya siasa vya siku zile, akakuta hofu ya kweli kwamba London ina njama ya kuwanyang'anya uhuru.

Schlesinger anatueleza vizuri nani alichochea ghasia mjini. Lakini haelezi kwa nini wakulima walishika bunduki Lexington, Massachusetts, vita vilipoanza Aprili 1775. Hapo Bailyn ana nguvu zaidi.

Kuhusu utumwa, tazama tarehe. Gavana Dunmore wa Virginia alitangaza Novemba 1775 kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru. Massachusetts ilikuwa vitani tayari kwa karibu miezi saba, kwa hiyo tangazo hilo si chanzo cha vita. Lakini huko Virginia liliwasukuma wenye mashamba waliokuwa wakisitasita. Mwandishi anayeyachanganya makoloni hayo mawili, msome kwa tahadhari.

Na kwenye mtihani usimlete mwanahistoria Charles Beard kuwa shahidi wa 1776, mwaka wa kutangazwa uhuru, kosa linalorudiwa mno. Kazi yake ya 1913 inahusu Katiba ya Marekani ya 1787. Mtaje Carl Becker (1909), aliyeonyesha kuwa New York kulikuwa na ugomvi wa aina mbili: kujitawala, na nani atawale nyumbani.

SWALI: Weusi waliokuwa upande wa Uingereza waliishia wapi?

JIBU: Wengi walirudishwa utumwani au walikufa kwa ndui. Wapatao 3,000 waliandikishwa New York mwaka 1783 na kupakiwa melini, wengi wao kwenda Nova Scotia, Kanada ya leo. Ardhi waliyoahidiwa ilichelewa, nyingine haikufaa kulimwa. Mwaka 1792 karibu 1,200 walivuka bahari hadi Sierra Leone, wakaanzisha Freetown.