Maswali Yenu: Motisha kwa Walimu wa Shule za Msingi

Kamati yetu inataka kumlipa mwalimu wa darasa la saba fedha kwa kila mtoto atakayepata daraja la kwanza. Je, ni busara? (Mwalimu mkuu, Kasese)

Mwalimu mkuu, ningewashauri msite. Mpango huo humlipa mwalimu kwa watoto ambao wengi wao wangefaulu hata hivyo, wala haumpi sababu ya kumhangaikia aliyebaki nyuma; kibaya zaidi, unamfanya atamani mtoto huyo asiingie kabisa katika chumba cha mtihani. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza nchini Uganda mwaka 1997 madarasa yalifurika, lakini hadi leo wapo watoto wanaoambiwa na shule zao wenyewe warudie darasa au wakae nyumbani, ili wasiharibu matokeo.

Watafiti waliwahi kujaribu njia nyingine katika shule za vijijini hapa Uganda: mwalimu wa darasa la sita alipewa bonasi kulingana na matokeo ya kila mwanafunzi wake, mwanafunzi akilinganishwa na wenzake wa kiwango kama chake katika shule nyingine, hivi kwamba mtoto dhaifu naye alikuwa na thamani. Baada ya miaka miwili ya masomo, mahudhurio ya wanafunzi hao yalikuwa asilimia 60, dhidi ya 56 katika shule zisizopewa bonasi. Katika shule zenye vitabu vya hisabati vya darasa la sita yalifika asilimia 64, dhidi ya 57, ilhali katika zisizo na vitabu tofauti ilikuwa ndogo mno, ingawa kwa maelezo yaliyokusanywa walimu wa pande zote mbili waliongeza juhudi kwa kiasi kilekile. Kabla ya kuandaa bahasha, basi, fungueni kabati mhesabu vitabu.

Je, walimu hawataishia kuwakaririsha watoto maswali ya mtihani? (Mzazi, Jinja)

Hofu yako ina msingi. Katika wilaya za Busia na Teso nchini Kenya, shule ambazo walimu wake waliahidiwa zawadi ziliongeza vipindi vya kujiandaa kwa mtihani na alama zikapanda, lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika, na zawadi zilipokoma faida ile haikudumu.

Nafundisha Karamoja. Bonasi itanifanya nibaki? (Mwalimu)

Sidhani, ndugu mwalimu. Kujituma darasani ni jambo moja, kubaki kituoni ni jingine, na bonasi inayokuja mara moja kwa mwaka haimjengei mtu nyumba wala haimhakikishii mshahara wa mwezi ujao. Serikali ilikwishalitambua hilo ilipoweka posho ya mazingira magumu ya asilimia 30 ya mshahara wa msingi, na kwa maoni yangu posho hiyo, ikifika kwa wakati na kuambatana na nyumba ya mwalimu yenye mlango unaofungika, itakubakiza kuliko zawadi yoyote. Tusisahau pia mgomo wa mwaka 2022, baada ya serikali kuamua kuwaongezea mshahara walimu wa sayansi wa sekondari na kuwaacha wengine: mwalimu anayeona mshahara wake si wa haki huiona bonasi kama dhihaka.

Chama cha wazazi na walimu kina fedha kidogo. Tuanzie wapi? (Mweka hazina, Gulu)

Anzeni na chakula cha mchana cha walimu, kisha vitabu. Zikibaki za motisha, tangazeni vigezo mwanzoni mwa muhula, pimeni maendeleo ya kila mtoto tangu alipoanzia, na mlipe siku mliyoahidi. Kama hamna hakika ya kulipa, msitangaze.