Kabla ya kutafuta mdhamini Australia, tengeneza faili lako ukiwa Tabora

Niko likizo hapa Tabora, na vijana wa gereji za Ng'ambo na Isevya wananiuliza swali lilelile: "Kaka, mwajiri wa kunidhamini Australia nampataje?" Wadogo zangu, lipo swali linalotangulia hilo. Mwajiri akikubali kesho asubuhi, utathibitisha kwa karatasi gani kwamba wewe ni fundi wa injini za dizeli?

Njia yenyewe, niliyoipita mimi, iko hivi. Mwajiri aliyeidhinishwa anakudhamini kwa viza ya 482, ambayo ni ya muda. Ukishafanya kazi miaka miwili chini ya udhamini, mwajiri anaweza kukupendekeza kwa viza ya 186, na hiyo ndiyo ukaazi wa kudumu. Zamani miaka hiyo ilitakiwa iwe kwa bosi mmoja. Tangu Desemba 2024 muda uliofanya kazi kwa mdhamini yeyote aliyeidhinishwa unahesabiwa. Wapo wanaoomba 186 moja kwa moja, wakiwa na uzoefu wa miaka mitatu na ujuzi wao ukiwa umetathminiwa. Kwa kawaida unatakiwa uwe hujafikisha miaka 45, na mtihani wa Kiingereza wa IELTS upate angalau 6 kwenye kila sehemu. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya serikali yao, si kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kwenye tathmini ya ujuzi ndipo vijana wetu wengi hukwama. Kwa mafundi, kazi hiyo iko chini ya Trades Recognition Australia, na wao hawakuoni ukishika spana. Wanaona karatasi. Sasa angalia barua tunazopewa huku: "Huyu alikuwa mfanyakazi mwaminifu, mwenye bidii na nidhamu. Tunamtakia mafanikio mema." Muhuri, sahihi, basi. Barua hiyo inakusifu tabia tu. Inayofaa inataja cheo chako, tarehe uliyoanza na uliyoacha, saa za kazi kwa wiki, na kazi zenyewe kwa majina: kushusha injini na kuifumua, kupima nozeli, kutengeneza pampu ya dizeli, breki za upepo, gia boksi. Iwe na jina, cheo na simu ya msimamizi anayeweza kupigiwa akajibu. Iombe siku unayoondoka kazini, kabla bosi hajahama au gereji haijafungwa.

Barua peke yake haitoshi. Iunganishe na mkataba, slipu za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Najua gereji nyingi hulipa mkononi jioni. Pesa ya mkononi haiachi alama, kwa hiyo mwombe bosi akulipe kwa benki au hata kwa simu, na mwambie kwa heshima sababu yake. Anayekupenda atakubali. Jipigeni pia picha na video mkiwa kazini, uso na kazi vionekane pamoja.

Majina nayo yakaguliwe leo. Cheti cha VETA kinasema Ramadhani, pasipoti inasema Ramadhan, NIDA imeongeza jina la babu. Rekebisha ukiwa nyumbani, ambako ofisi unazifikia kwa miguu. Ndugu zangu wa Kigoma, ninyi mnayajua maswali ya uraia yanayowapata watu wa mkoa wa mpakani. Vyeti vya wazazi vitafuteni kabla hamjaomba pasipoti.

Kuhusu pesa nitasema kwa ukali, maana nimeona familia zikiuza mashamba ya tumbaku. Mtu akikuambia ulipie udhamini, mkimbie. Tangu Desemba 2015 kuuza au kununua udhamini ni kosa Australia, na sheria inamgusa mlipaji na mpokeaji. Kodi ya mafunzo ambayo mwajiri hudaiwa anapokupendekeza ni yake. Hawezi kukukata kwenye mshahara. Ada ya viza yenyewe unaweza kuilipa wewe, hiyo ni halali. Wakala wa ajira wa hapa nyumbani mwulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama anatambulika.

Na ukifika, usivumilie mateso kwa kuogopa kurudishwa. Tangu Julai 2024, ukiachana na mwajiri ukiwa na 482, una hadi siku 180 kwa mpigo za kutafuta mdhamini mwingine. Bosi anayetishia "nitakupandisha ndege kesho" anategemea wewe usijue hilo.

Wazee wakiuliza kama utakuwa umeukana utaifa, waambie ukaazi wa kudumu hauondoi uraia wa Tanzania. Kuchukua uraia wa Australia ndiko kunakouondoa, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Mwisho, wataje watoto wako wote kwenye ombi, hata anayelelewa na bibi yake Urambo na ambaye huendi naye. Naye atatakiwa kupimwa afya, na ukimficha leo, kumchukua baadaye kutakuwa kugumu sana. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya ukamfungulie ombi la RITA wiki hii.