Bajeti Haina Kifungu cha Kununa

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa wodi ya upasuaji. Tangu mwaka jana sisi na wenzetu wa chumba cha upasuaji hatuivi chungu kimoja. Salamu hakuna, na mgonjwa anakabidhiwa kwa kutupiwa faili mezani. Wauguzi wanne wameshaacha kazi. Nilipoomba uongozi utusuluhishe, mhasibu alisema mbele ya kikao kizima kwamba bajeti haina kifungu cha kununa. Watu wakacheka. Ningemjibu nini?
Mfawidhi aliyenyamazishwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhasibu wako kasema kweli, kifungu hicho hakipo. Ndiyo maana gharama ya kununa inalipwa kupitia vifungu vingine: saa za ziada, vipimo, vifaa, ajira mpya.

Nikupe kisa changu, ingawa hakinipendezi. Mimi na mfawidhi wa chumba cha upasuaji tuliwahi kugombania machela. Machela, mwanangu! Tukaacha kusemeshana. Ratiba ikibadilika, yeye anabandika karatasi mlangoni kwake, na mimi kwa kiburi siendi kuisoma. Mzee mmoja wa ngiri akalala njaa akingoja upasuaji uliokuwa umeshasogezwa. Siku iliyofuata tukadhani hayumo tena kwenye orodha, tukampa chakula, kumbe mezani vifaa vyake vimeshafunguliwa. Vikarudishwa kutakaswa upya, nyuzi na glavu zikatupwa, mtaalamu wa usingizi na timu nzima wakakaa bure. Kitanda nacho kikashikiliwa siku mbili zaidi. Daftarini iliandikwa "upasuaji umeahirishwa", basi. Machela hayakutajwa popote.

Wengi huogopa makelele. Mimi naogopa zaidi yule muuguzi anayeona dozi haieleweki na hathubutu kumuuliza daktari aliyemfokea jana. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walichapisha jaribio la timu 24 za wahudumu wa watoto wachanga mahututi, wakiwa kwenye mazoezi ya kuigiza. Timu zilizosikia maneno ya dharau kutoka kwa mgeni aliyetambulishwa kuwa bingwa zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na hata katika kazi za mikono. Walipunguza kupeana habari na kuombana msaada. Na huyo alikuwa mgeni tu, si mtu wanayekutana naye kila zamu.

Kikao kikitaka jina kubwa, Joint Commission, inayotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2008 kwamba vitisho na ufidhuli kazini huchangia makosa ya tiba, huongeza gharama na huwafukuza wataalamu wazuri. Utakutana pia na makadirio ya mwaka 2019 ya dola bilioni 4.6 kwa mwaka nchini humo. Hiyo ni hasara ya madaktari kuchoshwa na kazi, si ya ugomvi peke yake; ukiichanganya, mhasibu atakuumbua tena.

Afadhali uende na hesabu za wodi yako. Toa ratiba za zamu za miezi sita kabla ya ugomvi na sita baada yake. Hesabu saa za ziada na siku za ruhusa ya ugonjwa, na uangalie kama ruhusa hizo zinaangukia zamu za watu fulani wawili wakipangwa pamoja. Hesabu upasuaji ulioahirishwa kwa sababu isiyotoka kwa mgonjwa, na vipimo vilivyorudiwa kwa kuwa majibu "hayakuonekana". Kwa kila mmoja wa wale wanne walioacha kazi, andika nafasi ilikaa wazi wiki ngapi na aliyeajiriwa badala yake alielekezwa kazi na mwenyeji wiki ngapi, maana wiki hizo mnalipa watu wawili kwa kazi ya mmoja. Aliyekwenda masomoni au kumfuata mwenzi wake mtoe. Huyo angeondoka tu. Na kama wodi ilikuwa na upungufu wa watu tangu mwanzo, sema. Pengine ugomvi wenyewe umezaliwa humo.

Kisha mpelekee mhasibu karatasi hiyo ofisini kwake, kabla ya kikao, na umwombe yeye ndiye aweke bei. Majina ya watu usiandike. Andika tarehe na zamu tu.