Daktari wa huku ananyamaza, simu ndiyo inayosema

Shangazi kaniuliza kwenye kundi la familia, na wengine mkamuunga mkono: ni kweli Marekani siri ya mgonjwa haitoki kamwe? Nawajibu kwa ninavyoyaona hapa Kent, jimbo la Washington.

Hospitalini wanabana kweli. Kuna sheria ya nchi nzima ya mwaka 1996, HIPAA. Mume wangu alipolazwa nilipiga simu wodini, wakagoma kunieleza lolote mpaka mwenyewe aridhie.

Ila sheria hiyo inawahusu watoa tiba na bima. Programu ya kuhesabu siku za hedhi, saa ya kupima mapigo ya moyo, tovuti ulikotafuta dawa, kwa kawaida ziko nje yake. Mwaka 2023 GoodRx, wanaotoa kuponi za dawa, walikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 baada ya serikali kuwatuhumu kupeleka habari za afya za wateja kwa Facebook na Google. Tangazo la vidonge vya presha linalokuandama halikuletwa na malaika.

Washington ikaziba pengo hilo. Gavana wa wakati huo, Jay Inslee, alitia saini sheria ya jimbo iitwayo My Health My Data Aprili 2023, na kampuni nyingi zikaanza kubanwa Machi 31, 2024. Habari za afya yako wasizohitaji kwa huduma uliyoomba, hawazikusanyi bila ridhaa yako. Wakitaka kuziuza, lazima utie saini idhini ya peke yake. Ukidai zifutwe, zinafutwa. Ni marufuku pia kuzungushia kliniki uzio wa kidijitali wa hadi futi 2,000 ili kunasa simu za wanaoingia na kuwatumia matangazo. Hofu ya kufuatiliwa hivyo ilipanda Mahakama ya Juu ilipoondoa haki ya kutoa mimba mwaka 2022. Ninachokipenda zaidi: mtu wa kawaida anaweza kushtaki mwenyewe. Jimbo la Nevada walitunga ya kufanana nayo, lakini haki hiyo ya kushtaki hawakuitoa.

Msipige vigelegele bado. Rafiki yangu yuko Idaho, jimbo jirani hapo tu, na kwao hakuna sheria kama hii. Nasi tunaohudumia wazee, vipimo vya TB tunavyompelekea mwajiri havimo kwenye sheria hiyo, maana anayelindwa ni mteja, si mfanyakazi. Halafu hiyo ridhaa yenyewe! Umetoka zamu ya usiku, macho mazito, Kiingereza cha mawakili kurasa kwa kurasa. Unabonyeza "nakubali" ulale.

Shangazi, ile programu ya sukari uliyoniulizia, chagua isiyodai namba ya simu wala mahali ulipo. Ikigoma, andika vipimo vyako kwenye daftari.